Mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa Goma wakati wa ugonjwa wa mlipuko

Mwezi wa saba 2019, Ebola ilipotangazwa Goma, mashariki mwa Kongo, nilikuwa G2, mwaka wa pili wa chuo, na mkuu wa promosio, yaani wa darasa letu la mwaka, yule tunayemwita CP. Asubuhi iliyofuata nilikuta ndoo mbili zenye robine, yaani bomba dogo, mlangoni mwa chuo, moja ya maji ya klorini na nyingine ya maji tupu. Kijana wa ulinzi alikuwa akielekeza termoflashi, kile kipima joto cha mbali, kwenye paji la uso la kila anayeingia. Sisi tuliozoea kusalimiana kwa kugonganisha vichwa mara tatu, kushoto, kulia, kushoto, tulisimama tukiangaliana kama watu wasiojuana. Wiki tatu baadaye ndoo zilikuwa zimekauka, robine moja imeibiwa, na salamu ya kichwa imerudi. Ebola yenyewe ilikuwa bado iko mkoani. Ilitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, na wakati huo Korona ilikuwa imekwisha kufunga shule na vyuo vya nchi nzima tangu Machi.

Tangu hapo nimeona mpox ikipanda kutoka Kivu Kusini, na kolera, ambayo kwetu haijawahi kuhama kabisa tangu mwaka ule wa wakimbizi wa Rwanda, 1994. Kila mara bango jipya hubandikwa ukutani: kaa mita moja na mwenzako, nawa mikono mara kwa mara, jitenge ukiugua. Bango hilo limeandikiwa mwanafunzi ambaye mimi sijamwona Goma. Ninayemjua analala na wenzake watatu katika chumba cha mbao juu ya mawe ya volkano, ananunua maji kwa bidoni, yaani dumu, na anasikiliza kozi amebanana na watu mia kadhaa kwenye benchi moja baada ya nyingine. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Hatua ya kwanza: ujue ugonjwa unapitia mlango gani

Kosa kubwa tulilofanya 2020 lilikuwa kutumia kinga ya Ebola dhidi ya Korona. Watu walinawa klorini hadi ngozi ikapasuka, kisha wakaingia ukumbini, wakafunga madirisha kwa sababu ya vumbi, wakakaa saa nne wakipumuliana. Klorini ya mlangoni haifanyi lolote kwa hewa ya ndani. Vivyo hivyo, barakoa haizuii kolera. Kabla hujatumia faranga yako, uliza ugonjwa huu unaingilia wapi.

Kolera, yaani kipindupindu, inaingilia mdomoni. Inatoka kwenye kinyesi cha mgonjwa, inapita kwenye maji, mikono, nzi au chakula, na dalili zinaweza kuanza saa chache tu baadaye au mpaka siku tano.

Ebola inapita kwenye majimaji ya mwili: damu, matapishi, kinyesi, jasho, shahawa, na maiti. Dalili huchukua siku 2 hadi 21 kujitokeza. Hili watu hulisahau: mtu ambaye bado hana dalili haambukizi. Kumkimbia mwenzako kwa sababu tu ametoka Butembo au Beni, miji iliyokuwa na Ebola, hakukukingi na chochote.

Mpox inapita zaidi kwa ngozi kugusa ngozi, kujamiiana kukiwemo, na kwa shuka, taulo na nguo zilizogusa vidonda. Aina mpya ya virusi vyake, inayoitwa Ib, ilitambuliwa kutokana na mlipuko wa Kamituga, kule Mwenga, ulioanza 2023. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kuwa dharura ya kimataifa. Dalili huchukua siku 1 hadi 21 kujitokeza.

Korona inasafiri hewani, na mtu anaweza kuitoa kabla hata hajaanza kukohoa. Ndiyo maana termoflashi ilitufariji kuliko ilivyotukinga. Mwenye homa aliyemeza parasetamoli saa kumi na mbili asubuhi anapita mlangoni akitabasamu.

Hatua ya pili: panga maji kabla ya kupanga kitu kingine

Kwa uzoefu wangu nusu ya kinga Goma ni bidoni. Mji uko kando ya ziwa zima la Kivu, na bado msichana wa L1, mwaka wa kwanza wa lisansi, anahesabu vikombe. Basi hesabu tuifanye wazi.

Chumba cha watu wanne kinahitaji bidoni mbili za lita 20 zisizochanganywa kamwe. Moja ni ya kunywa, nyingine ni ya kazi zote. Ya kunywa ifungwe mfuniko wake na iwekwe alama, hata kwa kufunga kitambaa chekundu kwenye mkono wake. Usichovye kikombe ndani. Inamisha umimine, au nunua ndoo ndogo yenye robine kwa ajili ya hiyo tu. Kikombe kinachochovywa na watu wanne kinaharibu maji yaliyotibiwa vizuri asubuhi.

Maji ya ziwani yanatibiwa kwanza. Wakati wa mlipuko wa kolera utawaona ufukweni watu wa klorini, wamesimama na bomba la sindano lisilo na sindano. Wanatia kipimo chao ndani ya kila bidoni inayopita, bure. Wakupimie. Halafu usinywe palepale: klorini inahitaji nusu saa kufanya kazi, na muda wa kupandisha bidoni kwa chukudu, ile skuta ya mbao ya mizigo, hadi mtaa wa Katindo hutosha. Ikiwa hawapo, tumia vidonge. Kile cha miligramu 67 kinatosha bidoni moja ya lita 20 ya maji meupe. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha tia viwili.

Anayependa kuchemsha asiunguze makala, yaani makaa, bure. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho dakika moja ya kutokota kwa nguvu inatosha. Nimeishi na mtu aliyechemsha dakika ishirini kila siku, akamaliza makala ya wiki kwa siku tatu, kisha akarudi kunywa maji mabichi.

Kunawa mikono hakuhitaji beseni. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, itoboe tundu dogo kwenye mfuniko kwa msumari uliopashwa moto, uitundike kichwa chini mlangoni kwa kamba. Chupa nyingine ya kipimo hichohicho itie vijiko viwili au vitatu vya sabuni ya unga, ujaze maji, utikise. Hiyo ni sabuni ya maji ya chumba kizima kwa siku kadhaa. Hakuna atakayeiiba, tofauti na kipande cha sabuni kilichoachwa kwenye choo cha ua. Kikombe kimoja cha maji yanayochirizika kinanawisha mikono vizuri kuliko beseni lililonawiwa na watu sita. Nawa sekunde arobaini hadi sitini, katikati ya vidole na chini ya kucha: baada ya choo, kabla ya kula, kabla ya kupika, ukirudi kutoka mjini. Jeli ya pombe ni nzuri ukiwa kwenye moto, yaani pikipiki ya abiria, na kwenye taksi, lakini kwa mikono yenye tope au mafuta ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, haisaidii kitu.

Sasa klorini, hapa ndipo watu wanapojidhuru. Kuna nguvu mbili. Ile hafifu, asilimia 0.05, ni ya mikono pale sabuni inapokosekana. Ile kali, asilimia 0.5, ni ya sakafu, choo, ndoo ya mgonjwa na matapishi. Kali haigusi ngozi.

Ukipata unga wa klorini uitwao HTH, wa asilimia 65 hadi 70, kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa ndani ya lita 20 kinakupa maji hafifu. Vijiko kumi ndani ya lita 20 vinakupa makali. Kwa chumba, nusu kijiko ndani ya lita moja ni makali ya kutosha kazi ya siku hiyo.

Ukinunua javeli, yaani klorini ya maji, ya chupa, soma kibandiko. Namba iliyoandikwa igawanye kwa 0.5, kisha utoe moja. Javeli ya asilimia 3.5 inakupa saba, toa moja, sita: kikombe kimoja cha javeli na vikombe sita vya maji. Ya asilimia 5 inahitaji vikombe tisa. Ya asilimia 2.6 inahitaji vinne. Chupa isiyo na namba, ile inayouzwa ikiwa imemiminwa kwenye kichupa cha soda kule Birere, usiinunue. Muuzaji mwenyewe hajui amechanganya nini.

Maji hayo yatengeneze upya kila siku, maana yanapoteza nguvu, na jua linayaharibu haraka zaidi. Usiyachanganye na siki wala dawa nyingine ya choo, kwani yatatoa hewa inayochoma mapafu. Na chupa ya klorini isiwe ile ya maji ya kunywa. Nasema hivi kwa sababu jirani yetu mmoja aliwahi kunywa usiku gizani, umeme umekatika.

Hatua ya tatu: mkataba wa chumba, uandikwe mkiwa wazima

Sisi tuliuandika kwenye karatasi ya daftari, mtaani Ndosho, kwa mwanga wa simu. Tulikuwa wanne. Tuligombana nusu saa juu ya kitu kimoja tu: nani aliosha viatu kwa maji ya kunywa. Baada ya hapo mengine yalikuwa rahisi.

Mkataba wetu ulisema hivi. Kila mmoja ana kikombe chake, kijiko chake, taulo lake na shuka lake, na hakuna kuazimana wakati wa mlipuko, hata kitenge cha kujifunika asubuhi. Vitanda viwili vya ghorofa vilivutwa kuelekea kuta mbili, na tukalala kichwa kwa miguu, ili pua zisikabiliane. Kila mmoja aliandika namba ya mtu wa kwao na aina ya dawa zinazomdhuru, na karatasi ikabandikwa nyuma ya mlango. Kila mwezi kila mtu alitoa faranga kidogo kwenye kopo la maziwa: fedha ya moto ya usiku, ya pakiti nne za SRO, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, ya jozi mbili za glovu. Kopo hilo halikopeshwi kwa minervali, yaani ada ya chuo, wala kwa silabusi za kozi. Lilikopeshwa mara moja, nakiri, na aliyekopa ndiye aliyeugua wiki iliyofuata.

Sehemu ngumu zaidi ni hii: nani atahama? Chumba kimoja hakiwezi kumtenga mtu. Kwa hiyo mkubaliane mapema na chumba jirani au na mwenye nyumba, kwamba mmoja akipata homa ya kupumua au vipele, mgonjwa atabaki chumbani na watatu watatawanyika, badala ya mgonjwa kufukuzwa. Nenda kwa mama mwenye nyumba kabla, kwa heshima, na umweleze. Mimi nilimwambia, "Mama, shikamoo. Ikitokea mmoja wetu ameugua, tunaomba ile depo yako, ile stoo, tulale humo siku chache." Akaniangalia kwa muda. "Mwanangu, unaniletea ugonjwa kabla haujafika?" Lakini alikubali, kwa sharti kwamba tufagie wenyewe. Ukingoja mpaka siku ya ugonjwa, utakuta mgonjwa na mzigo wake nje ya lango.

Madirisha yafunguliwe mchana, pande mbili kama zipo. Usiku wa baridi msiingize mbabula, yaani jiko la makala, ndani na kufunga mlango. Moshi usioonekana wa makala umeua watu wengi bila kirusi chochote. Wenye vyumba vya chini upande wa Lac Vert na Bulengo wafuate kwanza ushauri wa wakaaji wa hapo kuhusu mazuku, ile hewa nzito ya volkano inayotulia mabondeni usiku, kabla ya kufungua dirisha la usawa wa ardhi.

Hatua ya nne: chuoni na njiani

Ukumbini, kaa karibu na dirisha na uwe mtu anayelifungua. Vumbi litakuudhi, lakini vumbi halina karantini. Ugonjwa wa hewa ukiwa mjini, vaa barakoa inayoziba pua, usiivute kidevuni unapozungumza, maana hapo ndipo unapotoa matone mengi. Ikiwa wewe ni CP, muombe asistanti agawe promosio makundi mawili kwa kazi za vitendo, na mapumziko ya dakika kumi kila saa moja ili hewa ibadilike. Maprofesa wengi wanakubali ombi la namna hiyo likiletwa na mtu mmoja kwa utulivu, kabla ya kozi. Likipigiwa kelele kutoka benchi la nyuma, hawalisikii.

Kwenye moto, abiria ni mmoja. Helmeti ya dereva, kama anayo ya pili, ivae juu ya kitambaa chako. Nawa ukishuka.

Chakula cha restora za mbele ya chuo sikukatazi, maana najua bei ya bugali na sombe ikilinganishwa na kupika. Kula kinachotoka moto kwenye sufuria mbele ya macho yako. Acha saladi mbichi, kachumbari na juisi ya kienyeji mpaka kolera ipungue. Maembe na parachichi menya mwenyewe. Na uangalie jambo moja tu: mama anayepakua ana maji ya kunawa pale alipo? Kama hana, hamia kwa jirani yake, na umwambie kwa upole kwa nini. Wiki ijayo atakuwa na ndoo.

Wanaovuka mpaka wa Rwanda kwa Barièri Ndogo kutoka Gisenyi kila asubuhi waondoke mapema. Wakati wa mlipuko foleni ya kupimwa joto inakula saa nzima ya kozi.

Hatua ya tano: siku mtu anapougua

Hapa magonjwa yanaachana njia, na ukichanganya unaweza kumuua mwenzako au kujiua mwenyewe. Shika hivi: kolera inakukimbiza, Ebola inakusimamisha.

Kolera kwanza. Mtu anaharisha maji meupe kama yale ya kuoshea mchele, mara nyingi bila homa, labda anatapika. Usingoje asubuhi, maana mtu mzima anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kukaukiwa. Anza SRO palepale: pakiti moja ndani ya lita moja ya maji safi. Ukikosa pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Anywe kikombe kimoja au viwili kila baada ya kuhara. Akitapika, subirini dakika kumi, kisha mpeni taratibu, kijiko kwa kijiko. Wakati anakunywa, mmoja wenu apigie dereva wa moto au wa taksi, yule ambaye namba yake mliiandika nyuma ya mlango, kwa sababu usiku hutampata kwa kusimama barabarani. Mpelekeni kituo cha matibabu ya kolera au kituo cha afya kilicho karibu, na SRO mkononi, aendelee kunywa njiani. Mtandikieni plastiki chini, na mwenye kumshika avae glovu.

Dalili za hatari ni macho kuzama, ngozi ya mkono ukiibana inabaki imekunjika, mkojo kukatika, sauti kufifia. Ukiziona, atahitaji maji ya mshipa, na hapo hakuna tena cha kujadili na mtu yeyote kuhusu fedha.

Nyuma yake, matapishi na kinyesi vimwagieni maji makali ya klorini, yakae dakika kumi na tano, kisha vimwagwe chooni, kamwe si kwenye mfereji. Goma mawe ni magumu, vyoo vingi havina kina, na mvua moja inapeleka kila kitu hadi ziwani, kule bidoni zinakojazwa.

Ebola inakwenda kinyume. Ikiwa imetangazwa mkoani na mwenzako ana homa kali ya ghafla, udhaifu, kutapika au kuhara, hasa akiwa alimgusa mgonjwa au alikwenda kilio ambapo maiti ilioshwa, usimbebe. Usimpakie moto. Mwachie maji na SRO mahali anapoweza kuvifikia, simama hatua kadhaa, ongea naye, na upige namba ya alerti iliyotangazwa na zoni ya afya. Timu itakuja ikiwa imevaa. Najua inavyoonekana: mwenzako analia, nawe umesimama. Endelea kuongea naye mpaka wafike. Huo ndio usaidizi wako. Mlipuko wa 2018 hadi 2020 ulikuwa na wagonjwa 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Wengi waliambukizwa wakihudumia mtu kwa upendo.

Mwanafunzi mwenzenu akifariki wakati huo, msimwoshe wala kumgusa, hata kama familia inasihi. Timu ya mazishi itafanya hivyo, na wazazi wana haki ya kuwapo, kuona na kuomba kwa mbali.

Mpox haina haraka hiyo, na ndiyo hatari yake: watu huificha. Vipele vinavyogeuka malengelenge, homa, tezi zilizovimba shingoni au kwenye kinena. Funika vidonda kwa nguo nyepesi, vaa barakoa, nenda kituo cha afya kwa mguu ikiwezekana. Usikamue, usipake dawa za kuchubua. Kaa peke yako mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya iote chini yake, kwa kawaida wiki mbili hadi nne. Shuka zako zisikung'utwe. Zikusanye taratibu, zichemshwe au ziloweshwe kwenye klorini. Usijamiiane kabisa mpaka upone. Na vidonda vikiwa sehemu za siri, hapo ndipo vijana wengi huenda kwa muuza dawa wa mtaa wa Majengo kununua sindano ya kaswende. Aibu hiyo inasaidia mpox kusambaa. Muuguzi ameona vingi kuliko vyako.

Kwa Korona na homa nyingine za mapafu, anayekohoa na kupata homa abaki chumbani na dirisha wazi, siku kumi tangu dalili zianze. Akishindwa kupumua vizuri, midomo ikibadilika rangi, au akianza kuchanganyikiwa, ni hospitali.

Homa nyingi za Goma bado ni malaria. Kwa hiyo fanya kipimo cha haraka siku ya kwanza badala ya kubahatisha dawa, na mwambie muuguzi ukweli wote: umetoka wapi, umemgusa nani, umelala wapi.

Hatua ya sita: chanjo na maneno ya barabarani

Wakati wa Ebola tulisikia kila siku kwamba Riposti, yaani timu za kupambana na Ebola, ni biashara. Sitasema hapakuwa na fedha zilizotumika vibaya au magari mengi kuliko maji. Hasira hiyo ilikuwa na sababu. Lakini magari yao kupita hakukufanya ugonjwa kuwa wa uongo. Waliougua na kupona, wale tuliowaita washindi, walikuwa wakiishi karteri, yaani mitaa, yetuyetu.

Ukiletewa sauti ya WhatsApp kwamba chanjo inaua uzazi, usiipeleke mbele. Muulize muuguzi mkuu wa eneo lako la afya, uso kwa uso. Kampeni ya mpox nchini ilianzia hapahapa Goma tarehe 5 Oktoba 2024. Chanjo yake ni dozi mbili, siku 28 kati yake, na dozi moja haikupi kinga kamili. Ya Ebola hupewa kwanza waliomgusa mgonjwa na waliowagusa hao. Ya kolera hunywewa. Ukichanjwa, piga picha kadi yako, maana karatasi hupotea kila tunapohama nyumba, na sisi tunahama sana.

Ukiwekwa kwenye orodha ya waliokutana na mgonjwa, siku 21 utapigiwa simu au kutembelewa. Usizime simu. Usikimbilie kwa shangazi Bukavu kwa boti. Ukikimbia, unawapelekea watu wa boti nzima kazi hiyohiyo ya siku 21.

Hatua ya saba: mtihani, na kurudi ukumbini

Nimemwona mwanafunzi akiandika mtihani wa sesio ya kwanza, yaani msimu wa kwanza wa mitihani, na mikono mirefu ya shati imefungwa hadi vidoleni, katika joto, akificha vipele. Alikuwa na hofu ya kupoteza mwaka. Watatu wa benchi lake waliugua. Chuo, ambacho sitakitaja, kilikuwa kimebandika tangazo kwamba "kutokuwapo bila sababu ni sifuri", na hakuna aliyeandika chini yake kwamba ugonjwa ni sababu.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku hiyohiyo ya kwanza, omba kituo cha afya karatasi yenye tarehe na muhuri, isiyotaja lazima jina la ugonjwa. Isomeke "ugonjwa unaohitaji kutengwa" pamoja na idadi ya siku. Mwenzako aipeleke ofisi ya apariteri, inayoshughulikia mambo ya wanafunzi, kabla ya mtihani, si baada, na arudi na nakala iliyotiwa saini ya kupokelewa. Nakala nyingine mpe CP. Bila saini ya kupokelewa, karatasi yako itapotea kwenye meza hiyo kama zilivyopotea nyingine, na utakutana nayo tena sesio ya pili, pamoja na hoja ya kwamba hukuileta. CP mwenye akili anaandika majina yote ya wagonjwa kwenye barua moja, anasindikizwa na wenzake wawili, na anaomba tarehe ya mtihani wa pembeni kwa wote kwa pamoja. Tulifanya hivyo 2020, tukapewa Jumamosi moja, saa mbili asubuhi.

Aliyepona anarudi na karatasi ya kupona. Mkaribisheni kwenye benchi lake lilelile. Godoro lake lianikwe juani siku mbili, mkeka uoshwe kwa klorini, kikombe chake kichemshwe, na kopo la maziwa lirudishiwe fedha zilizotoka. Yeye ndiye atoe ya kwanza.